Kabila gani nijaze? Sheria za usawa katika ajira na zabuni za kaunti

Kaunti ikitangaza kazi, duka langu la saiba hujaa tangu asubuhi. Nina kompyuta nne, mashine moja ya kuchapa inayokwama kila ikiona karatasi nyevu, na benchi mbili nje za wanaongoja. Siku hizo sipati hata nafasi ya kunywa chai. Watu huja na vyeti vyao ndani ya bahasha za kaki, wengine na mtoto mgongoni, na wote wana maswali.

Mara ya mwisho swali lililonisimamisha lilitoka kwa binti mmoja wa miaka ishirini na kitu, mwenye diploma ya uhasibu. Alikuwa amejaza kila kitu isipokuwa kisanduku kimoja kilichoandikwa "Jamii".

"Ami, hapa nijaze nini?" akaniuliza. "Babangu Mbajuni, mamangu Mdigo, mimi nimezaliwa hapa hapa mjini. Nikiandika Mbajuni, hawatanikata? Si afadhali niandike jina la wale walio wengi?"

Nilinyamaza kidogo, kwa sababu swali hilo niliwahi kulijibu vibaya. Miaka michache nyuma alinijia kijana wa jamii ndogo sana hapa Pwani, akauliza vilevile. Nikamwambia, kwa nia njema kabisa, "Andika ile kubwa, mwanangu. Ndiyo yenye watu." Akaandika. Kazi hakupata. Sisemi kwamba angeipata kama angeandika ukweli, kwani nafasi zilikuwa chache na waombaji mamia. Lakini baadaye mzee mmoja mstaafu, aliyefanya kazi miaka mingi katika ofisi za uajiri za serikali, aliniambia jambo lililoninyima usingizi: katika sheria kuna mlango uliowekwa kwa ajili ya watu kama yule kijana, na mimi ndiye niliyemwambia aupite bila kubisha.

Makala haya ni deni langu kwake. Mimi si wakili. Niliyoyaandika ni yale ambayo nimeyasoma katika Katiba na katika sheria zenyewe, nikayalinganisha na yale ninayoyaona kila siku mbele ya kompyuta zangu.

Namba tano za kukariri

Watu wengi wamesikia neno "asilimia 30" likitajwa na wanasiasa, lakini kila mmoja hulishika kwa upande wake. Ukweli ni kwamba zipo namba tano, na kila moja ina kazi yake. Tatu ni za ajira, mbili ni za zabuni.

Ya kwanza ni asilimia 30 ya jamii. Inatoka katika Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 65. Inasema kwamba bodi inapoajiri, izingatie haja ya kuhakikisha kuwa angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia kazini zinakwenda kwa watu ambao si wa jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti hiyo. Zingatia maneno hayo vizuri. Haisemi asilimia 30 ya wafanyakazi wote, wala ya wakurugenzi. Yasema nafasi zilizo wazi, za ngazi ya chini, pale mtu anapoanzia kazi. Ndizo nafasi hizi hizi ambazo vijana wetu huzijia dukani.

Ya pili ni thuluthi mbili ya jinsia. Hii inatoka katika Katiba ya 2010, kifungu cha 27. Katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, wasizidi thuluthi mbili watu wa jinsia moja. Kifungu hicho hicho ndicho kinachokataza kumbagua mtu kwa rangi, jinsia, ujauzito, ndoa, afya, kabila, umri, ulemavu, dini, mavazi, lugha au kuzaliwa. Mavazi yamo humo. Dada anayeogopa kwamba hijabu yake au buibui lake litamponza katika usaili, ajue kwamba Katiba imemtaja.

Ya tatu ni asilimia 5 ya watu wanaoishi na ulemavu. Imo katika Katiba, kifungu cha 54, kama lengo la kufikiwa hatua kwa hatua katika vyombo vya umma vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025 imeitia nguvu zaidi kwa kumtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 atenge asilimia 5 ya kazi zake kwa ajili yao.

Ya nne ni asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ya tano ni asilimia 20 ya zabuni za kaunti kwa wakazi wa kaunti hiyo. Hizi mbili zimo katika Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, na nitazirudia mbele.

Ipo namba nyingine inayowachanganya watu. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Ilitungwa kabla ya kaunti kuzaliwa, ikilenga ofisi za serikali kuu na mashirika yake. Ukiipeleka kama ilivyo katika kaunti ambayo wakazi tisa kati ya kumi ni jamii moja, utaona mara moja ugumu wake. Ndiyo maana sheria ya kaunti ya 2012 ikaja na kipimo chake, cha asilimia 30 kwa wasio wa jamii kubwa. Mtu akikwambia "thuluthi moja" na mwingine "asilimia 30", huenda wote wawili wako sawa. Kila mmoja anasoma sheria yake.

Hesabu inavyokwenda

Tuchukue mfano wa kubuni. Kaunti imetangaza nafasi 40 za askari wa kaunti, wale tunaowaita kanjo. Asilimia 30 ya 40 ni 12. Basi watu 12, au zaidi, watoke nje ya jamii kubwa. Kwa kipimo cha thuluthi mbili, jinsia moja isizidi watu 26, kwa hiyo jinsia nyingine ipate 14 au zaidi. Asilimia 5 ya 40 ni 2, basi wawili wawe ni watu wanaoishi na ulemavu.

Hapa ndipo watu hukosea. Wanajumlisha 12 na 14 na 2, wanapata 28, kisha wanalalamika kwamba "wenyewe" wamebakishiwa nafasi 12 tu. Sivyo. Namba hizi hupandana. Mwanamke wa Kimakonde anayetembea kwa magongo, akiajiriwa, amehesabiwa katika zote tatu. Na hata hivyo, sheria haisemi kwamba zile 28 zinazobaki ni mali ya jamii kubwa. Yasema "angalau". Aliyefuzu aweza kutoka popote.

Tena hakuna hata namba moja inayomruhusu mtu asiyefuzu kupewa kazi. Kifungu hicho cha 65 kinasema kwamba katika kupima kama uajiri ulikuwa wa haki na uwazi, mizani kubwa ni sifa za mtu, ushindani wa haki na kuwakilishwa kwa tofauti za watu wa kaunti. Vyote vitatu. Anayesema asilimia 30 ni sadaka kwa wasiojua kazi, hajaisoma. Na anayepanga majina ya jamaa zake kisha akasema "tumefuata sifa", naye hajaisoma, au ameisoma akaifumbia macho.

Jambo lisilopendeza kusikika

Sasa naomba niseme jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wasomaji wangu. Sisi watu wa Pwani tumezoea kulalamika kuwa kazi zetu zinachukuliwa. Malalamiko hayo yana historia yake, na mengi yana ukweli. Lakini sheria hii ya asilimia 30 haikuandikwa kwa jina la Mpwani. Neno lililomo ni jamii.

Maana yake ni nini? Katika Kwale na Kilifi, ambako Wamijikenda ndio wengi, sheria inamlinda Mswahili wa Vanga na wa Malindi, inamlinda Mmakonde aliyepata kitambulisho baada ya miaka mingi ya kuhesabiwa mgeni, inamlinda Mpemba aliyetambuliwa na serikali mwaka 2023. Katika Lamu, inamlinda Mboni wa msituni, ambaye watu wa mjini humkumbuka wakati wa kura. Katika Tana River, inamlinda yeyote aliye mdogo mbele ya mkubwa, awe mkulima au mfugaji. Lakini pia inamlinda Mluo aliyezaliwa Kisauni, Mkamba wa Taveta, na Mkikuyu wa Mtwapa. Mlango ni mmoja. Hatuwezi kuufungua kwa ajili ya Mbajuni na kuufunga kwa ajili ya jirani yake.

Na sheria hiyo hiyo ndiyo inayomlinda mtoto wetu aliyekwenda kuishi Nakuru au Kajiado akaomba kazi huko. Waswahili husema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tukiuona mchungu ukiwa kwetu, tusiusifie ukiwa kwa wengine.

Lipo swali gumu zaidi ambalo sheria haikulijibu wazi. Jamii kubwa ni ipi hasa? Wamijikenda ni jamii moja au ni tisa? Ukiwahesabu kuwa moja, Mduruma na Mdigo wa Kwale wamo kapu moja, na asilimia 30 itatafutwa nje yao. Ukiwahesabu mbalimbali, hesabu hubadilika kabisa. Na Mswahili je, ni kabila moja, au Mvumba, Mjomvu na Mbajuni kila mmoja na kisanduku chake? Haya si maswali ya barazani tu. Yule anayepanga orodha ndiye anayeamua, na mara nyingi huamua peke yake. Ndiyo sababu bodi inapaswa kueleza mapema, kwa maandishi, imetumia hesabu gani.

Njia ya ajira na mahali inapovunjika

Anayeajiri katika kaunti ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Gavana huteua wanachama wake, bunge la kaunti huwaidhinisha, na muhula wao ni miaka sita isiyorudiwa. Waliwekewa miaka sita makusudi, ili uhai wao wa kazi usifungwe na uchaguzi wa kila miaka mitano.

Sheria inaitaka bodi itangaze nafasi kwa njia zitakazowafikia watu wengi iwezekanavyo, hasa wale ambao kwa sababu yoyote wameachwa nyuma. Soma tena maneno hayo. Tangazo lililobandikwa katika mtandao wa kaunti kwa siku chache, bila redio, bila msikiti wala kanisa, bila ofisi ya chifu, halimfikii mvuvi wa Kiunga wala mama wa Bamba. Huenda utaratibu umefuatwa kwa karatasi, lakini asilimia 30 imeshakufa kabla ya barua ya kwanza kufika, kwa sababu wale inaowahusu hawakusikia.

Mahali pa pili panapovunjika ni vibarua. Mtu huitwa "njoo kesho", akaanza kufagia soko au kulinda lango, hakuna tangazo, hakuna usaili, hakuna orodha. Baada ya miaka miwili mitatu wanasikika wakisema waajiriwe rasmi, nao wana haki ya kudai, kwani wamefanya kazi. Lakini jiulize walivyoingia. Waliingia kwa kujuana. Kwa hiyo mlango ulioachwa wazi kwa vibarua ndio mlango ambao usawa hupotelea.

Mahali pa tatu ni pesa, na hapa nasema kama mwenye duka. Nimewaona vijana wakikopa ili walipie cheti cha tabia njema, ambacho hupita shilingi elfu moja, kisha wazunguke kutafuta karatasi ya KRA, ya HELB, ya tume ya maadili na ya wakopeshaji, yote hayo kabla hata ya kuitwa. Sheria ya Ajira ilibadilishwa mwaka 2022. Sasa mwajiri anaweza kumtaka mtu vyeti hivyo pale tu anapotaka kumpa mkataba wa kazi. Ukiona tangazo linavitaka mwanzoni, una haki ya kuandika na kuuliza kwa nini. Wapo waliotumia akiba ya mwezi mzima kwa maombi matatu, hawakuitwa hata mara moja.

Upande wa zabuni

Kaunti hainunui kalamu tu. Inanunua dawa, madawati ya chekechea, mafuta ya magari, huduma ya kusafisha masoko, ujenzi wa vichinjio. Katiba, kifungu cha 227, inataka ununuzi huo uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na usiopoteza fedha. Kifungu hicho hicho kinaruhusu makundi yaliyobaguliwa zamani yapendelewe.

Ndipo ukatoka mpango wa AGPO, ulioanzishwa mwaka 2013. Kila ofisi ya umma, kaunti ikiwemo, hutakiwa kutenga angalau asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa biashara za vijana, wanawake na watu wanaoishi na ulemavu. Kijana kwa sheria ni kuanzia miaka 18 hadi kabla ya kutimiza 35. Kikundi au kampuni ihesabiwe humo, lazima angalau asilimia 70 ya wanachama wawe wa kundi husika, na uongozi wote, asilimia 100, uwe wao.

Hapa pia hesabu ina mtego. Asilimia 30 ni ya bajeti, yaani thamani ya fedha. Haihesabu idadi ya zabuni. Kaunti yenye bajeti ya ununuzi ya shilingi bilioni 2 inapaswa kutenga milioni 600. Ikiwapa akina mama zabuni mia tatu za chai na maandazi ya mikutano, kisha barabara zote zikaenda kwa wakandarasi wakubwa, inaweza kujigamba kwa idadi na bado isifike popote kwa fedha. Ukikutana na mwakilishi wadi wako, usimuulize "akina mama wamepata zabuni ngapi?" Muulize "wamepata shilingi ngapi kati ya ngapi?"

Cheti cha AGPO hutolewa bure. Anayekutoza pesa kwa ajili ya cheti chenyewe anakuibia. Mimi hutoza karatasi na kazi ya kujaza, na ninamwambia mteja hivyo. Biashara iwe imesajiliwa, iwe na namba ya KRA na cheti cha kulipa kodi, na kwa mwenye ulemavu, kadi ya baraza lake la taifa. Faida nyingine ambayo wengi hawaijui ni kwamba makundi haya hayatakiwi kuweka dhamana ya benki wanapoomba zabuni. Hujaza fomu maalumu ya kuahidi, wakatia sahihi. Kikundi kinachokatazwa kushiriki kwa kukosa dhamana kimenyimwa haki yake.

Na ile asilimia 20 ya wakazi, sheria inaikabidhi hazina ya kaunti iihakikishe. Hii yaweza kupandana na asilimia 30. Kikundi cha akina mama wa Likoni kikipata kazi ya kaunti ya Mombasa, kimeingia kote kuwili.

Jina la kuazima

Niwape kisa kimoja, bila majina. Mfanyabiashara mmoja, mteja wangu wa zamani, aliniletea makaratasi ya kampuni mpya nimjazie maombi ya AGPO. Mwenye kampuni kwa karatasi alikuwa mpwa wake asiyeona, mwenye umri wa miaka 24. Nikauliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Akajibu, "Ya nini kumsumbua? Sahihi yake ninayo."

Nilikataa. Sikukataa kwa ushujaa, niliogopa tu. Yule bwana alikasirika akaenda kwingine, na baadaye nikasikia kampuni ilipata kazi. Yule kijana nilimkuta siku moja kituo cha matatu, nikamsalimu, nikamuuliza biashara ikoje. Hakujua kwamba ana kampuni.

Hivi ndivyo asilimia 30 inavyoliwa. Karatasi ziko sawa, cheti kipo, namba katika ripoti inapanda, na mwenye haki yuko kituoni akiuliza nauli. Sheria inaruhusu mtu aliyetoa habari za uongo katika zabuni afungiwe asishiriki zabuni za umma. Lakini anayeweza kumtaja ni jamaa, na sisi watu wa Pwani kumtaja jamaa ni aibu. Nadhani aibu kubwa ni kumfanya mpwa wako kivuli.

Kushinda si kulipwa

Kuna akina mama walioshinda zabuni ya kuleta vyakula, wakakopa, wakapeleka mzigo, wakatiliwa sahihi, kisha wakasubiri. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zilionyesha kwamba ilipofika Juni 2024 kaunti zote 47 zilikuwa na madeni ya wanakandarasi na wauzaji ya zaidi ya shilingi bilioni 180. Kampuni kubwa huweza kungoja mwaka. Kikundi cha watu kumi kilichoweka rehani jokofu na cherehani hakiwezi. Kwa hiyo kuchelewesha malipo nako ni ubaguzi, ijapokuwa hakuna aliyeandika jina la kabila popote.

Ushauri wangu kwa vikundi ni huu: kabla ya kukopa, hakikisha hati ya agizo, ile LPO, iko mkononi, imetiwa sahihi, na kazi hiyo imo katika bajeti ya mwaka huo. Hazina ya Wanawake na ile ya Vijana hutoa mikopo kwa kutumia hati hiyo, na ni nafuu kuliko mkopeshaji wa mtaani. Na kila karatasi ya kupokelewa mzigo, iweke. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ukinyimwa, ufanye nini?

Kwanza, omba habari. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuiandikia ofisi ya umma na kutaka taarifa. Wana siku 21 za kujibu. Unaweza kuuliza: mlipoajiri askari wale 40, wangapi walitoka nje ya jamii kubwa, wangapi wanawake, wangapi wenye ulemavu? Usiombe majina ya watu wala siri zao. Omba hesabu. Wakinyamaza, lipeleke kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Pili, kwa ajira, asiyeridhika na uamuzi wa bodi ya kaunti anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa maandishi, ndani ya siku 90. Watu wengi huja kwangu baada ya mwaka mzima wa manung'uniko, na muda umepita.

Tatu, kwa zabuni, aliyeshindwa lazima aarifiwe na aelezwe sababu. Akiona ameonewa, ana siku 14 za kupeleka malalamiko kwa Bodi ya Kuchunguza Malalamiko ya Zabuni, na mkataba haufai kutiwa sahihi kabla ya siku hizo kupita. Bodi nayo ina siku 21 za kuamua. Kuna ada ya kulipa, basi fanya hesabu yako kwanza.

Nne, ubaguzi wa kikabila hupokewa na Tume ya Utangamano, NCIC. Na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambazo ni za umma, mara kwa mara zimezitaja kaunti ambazo hazikutimiza asilimia 30 ya jamii. Soma ya kaunti yako. Mkaguzi ameshakufanyia nusu ya kazi.

Mwisho, bodi ya kaunti hutakiwa kupeleka ripoti katika bunge la kaunti kuhusu namna inavyofuata maadili ya utumishi wa umma. Mwakilishi wadi wako anaipata. Mwombe akuonyeshe, hata kama ni siku ya harusi.

Kisanduku

Nikamweleza yule binti haya yote, kwa kifupi, huku foleni ikininung'unikia. Alisikiliza, akakuna kichwa.

"Kwa hivyo ami, kuwa wachache ndiyo imekuwa bahati?"

"Si bahati," nikamwambia. "Ni haki, na haki haitaki uongo. Ukiandika kabila la watu, siku ya kudai utadai kama nani?"

Akaandika Mbajuni. Akatuma. Nikamchapia nakala moja ya maombi yake yenye tarehe, nikamwambia aiweke mahali salama, na aanze kuhesabu siku 90 kuanzia tarehe ya uamuzi wa bodi. Majibu bado hayajatoka. Yule kijana wa kwanza, yule niliyempoteza njia, namtafuta hadi leo. Wenye kumjua wanasema amehamia Malindi, anafanya kazi ya kupaka rangi mashua. Kaunti ikitangaza tena, nimeweka kisanduku chake wazi.